Kuyeyusha risasi na kumimina chubwi za wavu: mwongozo kamili kutoka Kibirizi, Kigoma

Neno risasi limebeba mizigo mingi. Ukiomba kalamu ya risasi dukani unapewa penseli, na ndani yake hamna risasi hata chembe. Mimi niliwahi kupanda daladala kutoka Ujiji nikiwa na kilo tatu za risasi kwenye kiroba, kondakta akaniuliza nimebeba nini, nikamjibu bila kufikiri. Abiria wawili wakashuka. Nilichobeba kilikuwa vipande vya madini ya kijivu, laini na mazito, vya kutengenezea chubwi, yaani vile vidude vinavyoivuta kamba ya chini ya wavu izame wakati maboya yanaishikilia ya juu.

Wazee wenye magobori walimimina golori zao kwa njia inayofanana na hii. Hilo tuliachie hapo, maana sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kibali na mimi si mtu wa bunduki. Nazungumzia wavu wa kutega na mshipi wa samaki kama mgebuka na kuhe. Kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, pia simo, limepigwa marufuku.

Kazi hii naifanya siku za mbaramwezi, dagaa wanapokuwa hawaifuati taa na boti zimelala mchangani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, tulikuwa na miezi mitatu ya kukaa na nyavu mapajani, na ndipo vijana wengi waliponiomba niwaonyeshe. Niliwaonyesha wanne. Mmoja nilimkataza asiendelee, nitaeleza kwa nini.

Kwanza jiulize kama unahitaji risasi

Jiwe lipo bure, sasa kwa nini tuhangaike? Jibu liko majini. Kitu kikizama, maji yanakibeba kwa kiasi cha nafasi kinayochukua. Jiwe la kilo moja likiwa ndani ya maji linabaki na uzito wa kama gramu 615. Chuma cha kilo moja kinabaki na gramu 870 hivi. Risasi inabaki na gramu 912, kwa sababu ni nzito mara 11.3 ya maji na haichukui nafasi kubwa. Tena chubwi ya risasi ni nyembamba, haina pembe, hainasi kwenye macho ya wavu ukiwa unauvuta usiku.

Lakini faida hiyo ina maana kwenye kamba tu. Zile pembe za wavu wa kuinua, zinazotaka kilo kadhaa kila moja, funga jiwe au mimina saruji kwenye kopo lenye kitanzi cha nondo. Kuyeyusha kilo ishirini za risasi kwa kazi ambayo jiwe linaiweza ni kujitafutia sumu bila sababu.

Na kama umepata risasi iliyo bapa kama bati, usiyeyushe kabisa. Ikate kwa mkasi wa bati vipande vya sentimita 4, viringisha kila kimoja kwenye msumari, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, chomoa msumari. Chubwi imekamilika na hukuwasha moto. Nusu ya wanaoniuliza habari za kuyeyusha, hili ndilo jibu lao.

Kuitafuta na kuitambua

Hapa Kigoma napata kwenye sehemu tatu: nyavu kuukuu, maganda ya nyaya nene za zamani, na kwa mafundi wa matairi, vile vidude vya kubalansi magurudumu vikishaondolewa. Hivyo vya matairi vina hila. Zamani karibu vyote vilikuwa risasi. Siku hizi vingi ni chuma au zinki. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, pitisha juu ya rundo, chuma chote kitang'ang'ania. Kilichobaki kikwaruze kwa kisu. Risasi inakatika kama sabuni ngumu, inang'aa sekunde kadhaa kisha inafifia, na ukiichora kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu. Zinki ni ngumu, kisu kinateleza, na ukiidondosha sakafuni inalia. Risasi ikidondoka inasema "pu" na kunyamaza. Vingine vimechapwa Zn au Fe, hivyo vitenge bila kujiuliza.

Betri za gari usiziguse. Najua zimejaa risasi, najua zipo kila gereji, na najua kuna mtu atakwambia yeye huzipasua kila siku. Yule kijana niliyemkataza alikuwa amekuja na betri mbili begani. Ndani yake mna asidi, na sehemu kubwa ya risasi iko katika hali ya tope na unga ambao hauyeyuki vizuri kwenye jiko la mkaa, unapeperuka tu. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 katika mtaa ambao watu walikuwa wakichakata betri na kuchekecha udongo wake kutafuta vipande vya risasi. Udongo wa uani tu, watoto wanacheza. Nilimwambia arudishe betri zake alikozitoa.

Vyombo

Sufuria ya nyumbani haifai, hata ile iliyotoboka ambayo mama watoto ameitupa. Iliyotupwa leo, kesho inazibwa na kuchemshiwa maharage. Kopo la maziwa nalo jembamba, maungio yake yanaachia. Mpeleke fundi wa kuchomelea kipande cha bomba nene la chuma, kipenyo sentimita 10, kimo sentimita 8, akizibe chini kwa bamba na kukiwekea mpini wa nondo. Atengeneze na upawa mdogo wa chuma wenye mkono wa sentimita 40. Vyombo hivi vipige rangi nyekundu mpinini, viwe na sanduku lake, visikanyage jikoni.

Umbo la kumiminia ndilo linalotaka akili. Watu wengi huanza na ubao wa mninga waliotoboa mashimo. Unafanya kazi, ila unaungua kidogo kila mara. Chubwi ya ishirini inakuwa nene kuliko ya kwanza. Mimi natumia vyuma bapa viwili vya unene wa milimita 20, urefu wa kusimama milimita 45. Vibane pamoja kwenye jiriwa, kisha toboa shimo la milimita 12 likipita katikati kabisa ya maungio, kutoka juu hadi chini, ili kila chuma kipate nusu ya shimo. Panua mdomo wa juu kama faneli ndogo. Chini weka bamba lenye tundu la milimita 5, na humo simamisha msumari wa inchi tano uliokatwa kichwa na kupigwa msasa hadi ukawa laini. Uchonge kwa tupa uwe mwembamba kidogo sana kuelekea juu, la sivyo hautachomoka na utautukana bure.

Ukijaza hadi alama ya milimita 40 unapata chubwi ya gramu 42 hivi. Hesabu yake si ngumu: shimo lina sentimita za ujazo 4.5, toa msumari 0.8, zidisha kwa 11.3. Ukitaka nyepesi, jaza pungufu. Kwenye vyuma vyangu nina mashimo manne, kwa hiyo kila nikifungua vinaanguka vinne.

Mavazi: shati la pamba la mikono mirefu, suruali inayofunika mdomo wa buti, glovu kavu za ngozi, miwani ya kukinga macho. Kandambili, hapana. Fulana ya nailoni, hapana, inagandamana na ngozi.

Mahali na siku

Nje, chini ya anga wazi, upepo ukiwa mgongoni mwako na ukivuma kuelekea mahali pasipo na mtu. Mbali na kisima, mbali na vichanja vya dagaa, mbali na kuku. Watoto na wajawazito wasiwepo kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima katika kiasi kilekile alichomeza. Kuwaambia "kaeni mbali kidogo" hakutoshi. Wapeleke kwa bibi yao.

Mawingu yakiwapo, ahirisha. Hapa ndipo nina kovu.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza. Jana yake niliacha vyuma vyangu vya kumiminia chini ya boti iliyopinduliwa, vikalala na umande wa ziwa. Asubuhi nikavifuta kwa kitambaa, nikaviona vikavu, nikamimina. Shimo la kwanza lilitema. Sikusikia kishindo kikubwa, ilikuwa kama tone la maji kwenye mafuta ya kukaangia, lakini kilichoruka kilikuwa na joto la nyuzi 350. Tone moja lilitoboa shati na kukaa juu ya kifundo cha mkono, mahali saa inapokaa. Maji kidogo tu yalikuwa yamejificha kwenye maungio. Yanapogeuka mvuke hupanuka karibu mara 1,700, na yakiwa chini ya risasi hayana pa kutokea ila kuirusha yote juu.

Basi tangu hapo kila kitu kinachoingia kwenye risasi ya moto, nakianika kwanza ukingoni mwa jiko hadi kisishikike: upawa, koleo, vyuma, hata vipande vya kuongezea. Ndoo ya maji iwepo, hatua kumi mbali, kwa ajili ya mtu aliyeungua na si kwa ajili ya kupozea chubwi. Ukiungua, mimina maji safi ya kawaida dakika 20, usipake dawa ya meno wala majivu, kisha nenda zahanati.

Kuyeyusha

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Watu wakisikia namba hiyo huleta mkaa wa gunia zima. Hakuna haja. Kilo moja ya risasi, kutoka baridi hadi kumiminika, inakula joto kama moja ya tano tu ya lile linalotumika kuchemsha lita moja ya maji ya chai. Jiko dogo la mkaa linatosha, na tatizo lako litakuwa kuzidisha.

Weka kilo mbili, si zaidi. Chungu kikae imara juu ya mafiga matatu. Kitikise kabla ya kuwasha. Kwa dakika za mwanzo hakuna kinachotokea, unaanza kufikiri umeuziwa kitu kingine. Halafu kipande cha chini kinalegea, kinazama ndani ya kitu kinachong'aa kama kioo, na ndani ya dakika moja rundo lote linaporomoka. Hapo punguza mkaa.

Chuma na zinki vilivyojipenyeza vitaelea juu, kwani ni vyepesi kuliko risasi. Vitoe mara moja kwa kijiko kikavu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, kwa hiyo ukiacha joto lipande itaingia ndani na mchanganyiko wako utakuwa kama uji wa ulezi uliovunjika, haujazi umbo. Hapo huna la kufanya, tenga ugande.

Kupima joto bila kipimajoto: chovya ncha ya kijiti kikavu cha kiberiti, upande usio na baruti. Kikigeuka kahawia polepole, joto ni zuri. Kikiwa cheusi na kutoa moshi papo hapo, umezidisha. Dalili nyingine ni uso wenyewe: risasi safi iliyopata moto mno huota utando wa rangi ya dhahabu, kisha zambarau na bluu, ukiuondoa unarudi. Unapendeza macho, lakini ni ishara ya kuondoa mkaa, maana joto likipanda ndivyo unga na moshi wa sumu unavyoongezeka.

Sasa kusafisha. Weka kipande cha nta ya nyuki, ukubwa wa punje ya hindi, na urudi nyuma. Itatoa moshi na huenda ikawaka. Kwa nta tuna bahati, Kigoma na Tabora ni nchi za asali, haikosekani. Moto ukizima koroga hadi chini kwa upawa, ukikwangua kuta. Nta inasaidia risasi iliyoshikwa kwenye uchafu irudi chini, na juu yanabaki mavi ya risasi, unga wa kijivu na manjano. Uondoe taratibu kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Taratibu, nasema, kwa sababu unga huu ndio hatari kuliko moshi wenyewe. Usiupulize. Usiumwage kwenye mchanga wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga.

Kumimina

Kabla ya chubwi ya kwanza, pitisha vyuma juu ya mwali wa koroboi ndani na nje ya mashimo, hadi vishike masizi membamba kama kivuli. Msumari nao hivyohivyo. Masizi yanazuia risasi isigandame. Kisha bana vyuma, visimamishe karibu na jiko vipate joto.

Teka upawa ukiwa umesukuma utando pembeni, mimina kwa mkondo mmoja, mwembamba, usiokatika, ukielekeza upande mmoja wa msumari ili hewa itoke upande wa pili. Acha kibonge kidogo mdomoni. Risasi ikipoa inanywea, na kibonge hicho ndicho kinachojazia. Hesabu hadi kumi na tano. Uso utabadilika ghafla kutoka kung'aa kuwa kijivu. Subiri kidogo tena, fungua jiriwa, gonga chuma kwa mti, chubwi inaanguka. Zungusha msumari kwa koleo na uuvute.

Za kwanza tatu au nne zitakuwa na makunyanzi kama ngozi ya mzee. Huna kosa, vyuma bado vina baridi. Zirudishe chunguni, kwa koleo, polepole. Zikianza kutoka nyororo zenye mng'ao, uko sawasawa. Zikianza kuwa na ukungu mweupe kama zimepuliziwa unga, vyuma vimechemka, pumzika dakika mbili. Zikitoka na upungufu upande mmoja, mara nyingi ni hewa; kwangua mfereji mwembamba kama unywele kwenye uso wa maungio.

Kwa kilo mbili utapata chubwi arobaini na kitu. Usisubiri chungu kiishe; ikibaki risasi kidogo, ongeza vipande vilivyoanikwa au acha. Ukimaliza usimwage iliyobaki chini, iache igande humohumo.

Kata kibonge kwa koleo la kukatia, lainisha pembe za matundu kwa kuzungusha kisu. Msasa na tupa ya chuma viweke kando: vinatoa unga. Kisha pima. Mimi nazipanga kwenye mizani ya dagaa kumi kumi; mafungu yakitofautiana zaidi ya gramu 20, natafuta yenye kasoro. Ukichanganya nzito na nyepesi kwenye kamba moja, wavu unakaa mawimbi na samaki anapita chini ya tumbo la wimbi.

Kuzivika kwenye kamba

Kwa wavu wa mita 50 naanzia chubwi moja kila mita, jumla 50, kilo 2.1 nchi kavu na kama kilo 1.9 majini. Kamba ya milimita 4 inapita kwenye tundu bila taabu. Zipitishe zote kwanza, kisha zigawanye na kuzifunga kwa uzi wa kushonea wavu, kidole kimoja kila upande, zisitembee. Wengine hugonga chubwi kwa nyundo ishike kamba; inashika, lakini inakata nyuzi za ndani na msimu haupiti.

Halafu usiende kuvua. Chukua wavu hadi maji ya kifua, mtu mmoja huku mwingine kule, uachilie. Maboya yakizama na ulitaka wavu wa juu, ondoa chubwi moja kila tano. Ukitaka wa chini na maboya bado yanacheza juu, ongeza. Boya la plastiki jipya na lililochakaa havibebi sawa, kwa hiyo hesabu za mtu mwingine zisikutoe kwenye kipimo hiki.

Kwa mshipi wa mkono mimina chubwi ndefu zaidi, na itangulie ndoana kwa urefu wa mkono. Mzee mmoja wa hapa mwaloni alikuwa na mtindo wa kukaza virisasi vidogo kwa meno. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, hiyo ni sumu." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Meno yenyewe yamebaki mawili." Nikamnunulia koleo.

Baada ya kazi

Usile, usivute sigara, usinywe hata maji kabla ya kuosha mikono na uso kwa sabuni, kucha pia. Nguo zifuliwe peke yake, siyo kwenye beseni la nguo za watoto. Buti zibaki nje. Kopo la mavi likijaa, lifunge na kumpelekea mnunuzi wa chuma chakavu anayepokea risasi, na umwambie kilichomo. Udongo wa pale ulipomiminia kusanya matone yote yaliyoganda, hata madogo kama mbegu za mchicha. Kuku huyadonoa akidhani ni changarawe. Nyumba yangu tulipoteza jogoo hivyo, jogoo mzuri mwekundu, na nilimzika badala ya kumchinja huku wanangu wakiniuliza kwa nini hatumli.